Kiltegan Maana Yake Nini?

Ndugu wanavikundi, wengi wetu tunawajua Mapadre wa Kiltegan waliofanya kazi Kitui na Turkana. Je, Kiltegan ni nini? Ni parokia ya mashambani huko Wicklow, Ayalandi, makao ya shirika lao lililoanzishwa mwaka 1932. Kwa Kiayalandi ni Cill Téagáin, yaani kanisa la Tegan.

Chini ya Waingereza majina yaliandikwa Kiingereza: cill, kanisa, ikawa Kil, cnoc, kilima, ikawa Knock. Sauti ilibaki, maana ikaanza kupotea. Miaka ya 1830 John O'Donovan, akifanya kazi ya ramani za serikali, alizunguka vijijini akiwauliza wazee na kuandika.

Nasi tufanye hivyo. Kila kikundi kinunue daftari, kiulize maana ya jina la kijiji, mto na kilima. Mzee akituacha, jina hubaki bubu.