Fahamu: Sarafu za platinamu na jinsi thamani yake inavyopimwa

Ni nini?

Sarafu ya platinamu ya uwekezaji hutolewa na serikali kama fedha halali, ingawa hununuliwa kwa ajili ya madini yaliyomo. Noble ya Isle of Man ilitoka mwaka 1983, na Eagle ya Marekani ikafuata mwaka 1997.

Thamani hutoka wapi?

Eagle ya wakia moja, yaani takriban gramu 31.1, imeandikwa dola 100, kiasi kilicho chini mno ya bei ya madini yenyewe, kwa hiyo hesabu huanzia bei ya siku katika soko la dunia, kisha huongezwa gharama ya utengenezaji na faida ya muuzaji. Uadimu nao hupandisha bei, kama ilivyo kwa sarafu za dhahabu za Kenya za mwaka 1966 zilizoadhimisha miaka 75 ya Rais Jomo Kenyatta.

Hukaguliwaje?

Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa makini zaidi: wakia moja ya platinamu ikizamishwa majini huondoa takriban mililita 1.45, ilhali fedha ya uzito huohuo huondoa karibu mililita 3, hivyo sonara mwenye mizani nyeti anaweza kuitambua bandia bila kuikwaruza.