Hukumu ya Mwisho Haimfungi Jaji Mikono

Tarehe 4 Januari 1999 Leo Echegaray alikuwa adungwe sindano ya sumu nchini Ufilipino. Alihukumiwa kifo kwa kosa la kumbaka binti yake wa kambo, rufaa yake ilikwisha kutupwa, na Rais Joseph Estrada hakuwa na nia ya kumsamehe. Saa chache kabla ya muda kufika, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatoa zuio la muda.

Serikali ilikuja juu. Waziri wa Sheria alirudi mahakamani na hoja ambayo kwa haraka haraka inaingia akilini: hukumu ikishakuwa ya mwisho, kazi ya majaji imekwisha. Kinachobaki ni utekelezaji, na Katiba imempa Rais uwezo wa kusamehe, kupunguza au kuahirisha adhabu. Kwa maneno mengine, majaji walikuwa wamevamia shamba la mwenzao.

Majaji walijibu tarehe 19 Januari, wakitenganisha mambo mawili ambayo hata mawakili huyachanganya. Hukumu ikiwa ya mwisho, jaji hana tena ruhusa ya kuibadili. Kusimamia inatekelezwa lini na vipi ni jambo jingine, na hilo linabaki mikononi mwake. Walitoa mfano mzuri: mfungwa akipatwa na wazimu baada ya kuhukumiwa, haruhusiwi kuuawa akiwa katika hali hiyo. Nani atasikiliza ushahidi na kuamua kama kweli ana wazimu? Mahakama. Ikisitisha adhabu, mfungwa anapata kilekile ambacho angepewa na Rais, yaani siku za kuishi, lakini hakuna aliyempora Rais chochote.

Tofauti, kwa jinsi ninavyoiona, iko kwenye sababu. Rais anaweza kuahirisha kwa huruma, kwa hesabu za kisiasa, hata kwa sababu ya sikukuu, na kwa kawaida hakuna wa kumdai maelezo. Jaji hana anasa hiyo. Lazima aonyeshe ni haki gani ya kisheria itakayovunjwa mtu yule akifa leo. Kwa kipimo hicho, msimamo wa majaji wa Ufilipino ulikuwa sahihi lakini zuio lenyewe lilisimama juu ya sababu nyembamba: kwamba huenda Bunge lingebadili sheria ya adhabu ya kifo. Huko ni kubashiri siasa. Haishangazi kwamba uamuzi uleule uliotetea mamlaka ya mahakama ndio ulioondoa zuio, baada ya dalili kuonyesha kwamba wabunge hawakuwa na mpango huo. Echegaray aliuawa tarehe 5 Februari, wa kwanza nchini humo tangu 1976. Sheria yenyewe ya adhabu ya kifo ilifutwa mwaka 2006, miaka saba baada ya kifo chake.

Kwetu Afrika Mashariki, ukisoma ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania au ya 133 ya Kenya, unaweza kudhani kuahirisha adhabu ni suala la Ikulu tu. Uganda ilionyesha vinginevyo Januari 2009, katika shauri la Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400 waliokuwa wakisubiri kunyongwa. Mahakama ya Juu haikugusa uwezo wa Rais wa kusamehe. Ilichokataa ni faili kulala Ikulu huku mtu akisikilizia hatua za askari jela kila alfajiri. Majaji waliona kwamba kumweka mtu katika hali hiyo kwa muda unaopita kiasi ni ukatili unaokatazwa na Katiba, wakaweka kikomo cha miaka mitatu tangu rufaa ya mwisho kukataliwa. Muda huo ukipita bila Rais kuamua lolote, adhabu inageuka kifungo cha maisha bila punguzo, na hapo hakuna saini ya Rais inayohitajika.