Sarafu Moja kwa Juma

Ndugu msomaji, wasema: «Mimi maskini, nitatoa nini?» Basi sikia habari za Pauline Jaricot, binti wa Lyon, Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1799. Aliwaomba wafanyakazi wa hariri watoe sarafu moja ndogo kila juma kwa ajili ya misioni. Kila mkusanyaji alitunza watu 10. Makumi yakafanya mia, mamia yakafanya elfu. Ndiyo asili ya Shirika la Uenezaji wa Imani, lililoanzishwa mwaka 1822.

Baadaye alitia mali yake katika kiwanda cha kuwafaa wafanyakazi. Akadanganywa, akafa fukara mwaka 1862. Lakini sarafu zile hazikukoma. Mwaka 2022 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Haba na haba hujaza kibaba. Nawe, watu wako 10 ni akina nani?