Udongo wa Midland

Mji wa Midland, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, una wakazi wapatao 42,000. Umekaa pale mto Chippewa unapoingia katika mto Tittabawassee, na juu ya makutano hayo pana daraja la waenda kwa miguu lenye njia tatu, kila moja ikishukia ukingo wake. Wenyeji wanaliita Tridge. Lilijengwa mwaka 1981 na linatumika hadi leo kama lilivyokusudiwa, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya miradi mikubwa zaidi iliyopangwa kandokando ya mito hiyo.

Midland ilianza kwa mbao. Misonobari ilipokatwa ikakaribia kwisha, utajiri uliobaki ulikuwa chini ya miguu ya watu: maji yenye chumvi kali ndani ya miamba. Mwaka 1890 akaja kijana wa miaka 24, Herbert Dow, akayavuta maji hayo na kuyapitishia umeme ili apate bromini, iliyotakiwa na watengenezaji wa dawa na wapiga picha. Kampuni inayobeba jina lake ilianzishwa mwaka 1897. Klorini na magnesiamu zilitoka kwenye maji yale yale, plastiki zikafuata. Fedha za kiwanda zilijenga mji wenye maktaba na bustani ambazo miji mingi ya ukubwa huo haina, na mtoto wa Herbert, msanifu majengo Alden Dow, aliyejifunza kwa Frank Lloyd Wright, aliupa sura yake. Asiyeyataja haya hawatendei haki watu wa Midland, maana wengi wao walisomeshwa na kiwanda hicho na wanakipenda kwa dhati.

Kiwanda kinakula mvuke na umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya umeme ya Consumers Power ilitangaza kwamba ingejenga vinu viwili vya nyuklia ng'ambo ya mto, viuze umeme kwa jimbo na mvuke kwa Dow. Kwenye karatasi, mpango ulipendeza: mteja yuko jirani, maji yapo, na mji uko tayari. Mkazi mmoja, Mary Sinclair, aliuliza maswali ya usalama hadharani na kwa miaka mingi, akachukiwa na majirani walioona anawanyima riziki.

Mwaka 1978 ikagundulika kwamba jengo la jenereta za dizeli linatitia kuliko hesabu zilivyoruhusu. Jenereta hizo ndizo zilizotegemewa kuendesha pampu za kupoza vinu siku umeme wa gridi ukikatika, hivyo jengo lake halikuwa banda la pembeni. Chanzo kilikuwa kifusi. Kiwanja kilikuwa kimeinuliwa kwa udongo wa kuletwa, na udongo ule haukushindiliwa ipasavyo. Dawa waliyoichagua wahandisi inanigusa kila ninapoisoma: walirundika mchanga mwingi ndani na kando ya jengo, uzito ulikandamize litue mara moja, yaani wailazimishe ardhi imalize kazi ambayo mitambo ya kushindilia ilipaswa kuifanya kabla ya zege kumwagwa. Nyufa zikachunguzwa, vikao vikafuatana, gharama zikapanda. Mwaka 1983 Dow ilijitoa. Mwaka 1984 mradi ukaachwa, zaidi ya dola bilioni 4 zikiwa zimeshatumika na kazi ikiwa imefika kama asilimia 85.

Kusema haki, masalia ya mradi huo hayakutupwa. Sehemu za mitambo ziligeuzwa kuwa kituo cha gesi asilia kilichoanza kazi mwaka 1990, na kituo hicho kimekuwa kikiuza umeme na mvuke. Lakini hakuna aliyeomba kituo cha gesi kwa bei ile.

Kiwanda nacho kiliacha alama katika udongo. Midland ilitengeneza viuagugu, zikiwemo kemikali za Agent Orange iliyomwagwa juu ya misitu ya Vietnam, na mabaki ya sumu iitwayo dioksini yalisambaa kwa moshi wa matanuri ya taka na kwa maji ya mto, hadi mbali na Midland, kuelekea mto unakotiririkia. Kiwango cha jimbo kwa udongo wa makazi kilikuwa sehemu 90 kwa trilioni. Mwaka 2012 mpango wa kusafisha mji uliidhinishwa kwa kiwango cha 250: ua lililozidi hapo likachimbwa safu ya juu, likaletewa udongo mpya na majani mapya. Kazi ilifanyika, na hilo ni jema. Hata hivyo mwenye ua la sehemu 200 alilala akiwa amevuka kiwango, akaamka akiwa salama, bila koleo kugusa kwake. Mimi nasema mtu huyo alistahili kuelezwa kwa kina, ana kwa ana.

Kisha mabwawa. Kaskazini ya mji, bwawa la Edenville lilikamilika mwaka 1924 kwa ajili ya umeme. Miaka ikapita, kingo za ziwa lake zikajaa nyumba, mwenye bwawa akabadilika. Serikali kuu ilidai kwa miaka mingi njia za kutolea maji ya mafuriko zipanuliwe. Hazikupanuliwa, na mwaka 2018 ikafuta leseni ya kuzalisha umeme. Kwa kufuta leseni ikajitoa pia kwenye usimamizi, mzigo ukaangukia jimbo. Bwawa lilibaki vilevile, na maji nyuma yake.

Jioni ya tarehe 19 Mei 2020, baada ya mvua kubwa, mtu mmoja alikuwa akirekodi video ya tuta la mashariki. Inaonekana wazi: majani ya mteremko yanavimba, kisha upande mzima unaporomoka kwa sekunde chache na ziwa linafuata. Maji hayakuwa yamefika kileleni. Uchunguzi huru uliotolewa mwaka 2022 ulieleza kwamba mchanga wa tuta ulikuwa umelegea, ukapoteza nguvu ghafla na kutiririka kama uji. Wajenzi wa miaka ya 1920 hawakuwa wamefuata michoro yao wenyewe. Bwawa la Sanford lililo chini yake nalo likazidiwa, watu wapatao 10,000 wakahamishwa, na mto ukapanda hadi futi 35 mjini, kiwango ambacho haukuwahi kukifikia katika kumbukumbu. Ulifika hadi ndani ya eneo la kiwanda. Hakufa mtu, na sifa ni za waliogonga milango mapema.

Mwaka mmoja wa uzembe wa kushindilia mchanga ulisubiri karibu karne nzima. Katika miaka hiyo wakaguzi walikuja, ripoti zikaandikwa, na mjadala mwingi ukahusu upana wa milango ya maji, kitu kinachopimika kwa macho. Kilichokuwa ndani ya tuta hakikupata mtu wa kukisemea.

Sasa mabwawa manne ya mto Tittabawassee, Edenville na Sanford yakiwemo, yako mikononi mwa umma na yanajengwa upya. Jimbo limetoa mamia ya mamilioni ya dola, na sehemu iliyobaki wametozwa wenye nyumba za kandokando ya maziwa, watakaoilipa kwa miaka mingi ijayo. Baadhi yao walikwenda mahakamani kuipinga, wakiuliza kwa nini wao wabebe deni la tuta ambalo hawakulijenga wala hawakuwahi kulimiliki.