Kabla ya rangi, uliza saa

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Adu katika Kaunti ya Kilifi, alinijia majuzi na swali: lundo la ngano katika mchoro wa Mfaransa Claude Monet ni la rangi gani kwa Kiswahili? Alikuwa ameandika ‘kahawia’, akafuta, akaandika ‘zambarau’, akafuta tena.

“Achana na rangi kwanza,” nikamwambia. “Mchoroni ni saa ngapi?”

Monet, mmoja wa waasisi wa mkondo wa uimpreshonisti, alichora malundo hayo karibu na nyumba yake kijijini Giverny mnamo 1890 na 1891, picha 25 hivi. Mnamo Mei 1891 alionyesha 15 jijini Paris. Malundo ni yale yale. Kinachobadilika ni mwanga. Jua likisogea, alikuwa akiweka turubai moja kando na kushika nyingine.

Hapo Kiswahili kinatatiza. Majina yetu mengi ya rangi yametokana na vitu: kahawia ni kahawa, kijani ni majani, zambarau na chungwa ni matunda. Ukisema lundo ni la zambarau, msomaji anaona tunda, haoni jua. Ila kwa mwanga tuna hazina nyingine, nayo ni majina ya wakati: mapambazuko, mawio, mafungulia ng’ombe, jua la utosi, alasiri, machweo, utusitusi.

Kule Adu, mafungulia ng’ombe si pambo la kamusi. Mifugo hutoka zizini kama saa mbili au saa tatu asubuhi, vivuli vingali virefu, vumbi limeshika jua. Jua la utosi likifika, vivuli huishia miguuni na kila kitu hupauka. Huko Marafa, katika eneo bunge hilo hilo la Magarini, makorongo ya Nyari huwaka jioni kama makaa. Halafu, ghafla, giza! Tuko karibu na ikweta. Machweo yetu hayakawii kama ya Giverny wakati wa kiangazi.

Kinachonikera ni kwamba insha nyingi nisomazo siku hizi zina asubuhi, mchana na jioni, basi. Mwanafunzi huyu alilisikia neno ‘mafungulia ng’ombe’ utotoni, lakini aliliona la kishamba, lisilofaa tasnifu. Nani aliyemwambia hivyo? Sisi walimu, nadhani.

Juzi alirudi na sentensi hii: “Ni machweo, ubavu mmoja wa lundo ungali unawaka, wa pili umeshaingia utusitusi.” Hakutaja rangi hata moja. Nilimwambia asiiguse.