Uchungu wa mwarobaini: kinga ya mti, si tiba ya kila homa

Mwarobaini, ambao kwa jina la kitaalamu ni Azadirachta indica, asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani za Asia, nao hustawi katika maeneo ya chini ya Moshi kama Njoro, ingawa kadiri mtu anavyopanda kuelekea kwenye migomba na kahawa ndivyo baridi inavyoudumaza. Hupukutisha majani pale tu kiangazi kinapozidi ukali. Mwaka 1959, nchini Sudan, mtaalamu wa wadudu Mjerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige wakiuacha mti huu huku mimea mingine ikiteketea.

Kinachowafukuza ni limonoidi, yaani kundi la kemikali chungu ambazo jamaa zake hupatikana pia katika mbegu za machungwa na malimau. Iliyo mashuhuri ni azadiraktini, iliyo nyingi zaidi katika kiini cha mbegu, ambayo humkinaisha mdudu asile, na akila huvuruga homoni zinazomwezesha kujivua ngozi ili akue. Maabara ya Steven Ley katika Chuo Kikuu cha Cambridge ilihangaika miaka 22 hadi kuiunda mwaka 2007, kazi ambayo mti huifanya kila msimu bila kelele. Jua huivunja upesi, na kwa sababu hiyo mkulima anayetumia maji ya mbegu zilizotwangwa hunyunyizia jioni na kurudia baada ya siku chache.

Kwa mwili wa binadamu ushahidi ni mwembamba zaidi. Gedunini, limonoidi nyingine ya mti huu, huzuia vimelea vya malaria katika maabara, lakini hilo halithibitishi kwamba kikombe cha majani yaliyochemshwa, ambacho nguvu yake hutofautiana mti kwa mti, kitamponya mgonjwa anayehitaji kupimwa na kupewa dawa mseto. Mafuta ya mbegu ni ya kuogopwa zaidi: mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo, wakatapika, wakapata degedege na kuharibika ini, na baadhi wakafariki.

Tena wapo wanaochuma mti usio wenyewe, kwa kuwa Melia azedarach, wa familia hiyohiyo, hufanana nao sana. Vijani vya mwarobaini hupangwa kwenye kikonyo kimoja kirefu, ilhali vya Melia hukaa kwenye vikonyo vilivyogawanyika tena, na matunda yake ni sumu.