Hadithi ya Paa Iingie Darasani

Wanafunzi wetu hukaririshwa maana za mandhari, mhusika na dhamira. Kisha, wapewapo kitabu, hushindwa kuyaona mambo hayo. Dawa i karibu: hadithi ya Sultani Darai, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870. Maskini apekuaye jaa anunua paa. Paa ampatia mke na jumba. Paa augua, bwana amtelekeza. Paa afa, bwana aamka jaani.

Mwalimu na aulize. Jaa ni nini? Mandhari. Paa na bwana wake? Wahusika. Bwana kumgeuzia kisogo mfadhili wake? Mgogoro. Kwa nini kisa kimerudi jaani? Hapo ndipo dhamira: asiyeshukuru hurudi alikotoka. Mwanafunzi ajuaye kumhukumu bwana yule, kesho atamtambua pia kiongozi aliyewasahau waliomwinua.